Uanagenzi Ujerumani kwa vijana wa Mtwara na Lindi: mkataba, lugha na mwajiri anayefunza kweli

Kutoka Masasi

Shikamooni wakubwa mlioko huko Ujerumani. Nina vijana wawili hapa. Mmoja ana cheti cha kidato cha nne, mwingine kamaliza umeme wa majumbani VETA Mtwara, daraja la pili. Kuna wakala anasema mikataba yao ya uanagenzi Ujerumani iko tayari, watoe milioni nne kila mmoja, lugha watajifunzia hukohuko. Imekaaje hii? Na huyu wa VETA ataanza upya?

Kutoka Kassel

Marahaba ndugu yangu. Msitoe hata shilingi. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya Ujerumani inamkataza mwajiri kumlipisha mwanagenzi gharama za kumfunza. Kipengele cha namna hiyo kikiwekwa kwenye mkataba ni batili. Anayelipwa ni kijana. Kwa walioanza mwaka 2025, kima cha chini ni euro 682 kwa mwezi mwaka wa kwanza, 805 mwaka wa pili, 921 wa tatu. Vifaa na malighafi za mafunzo anatoa mwajiri bure. Kwa hiyo mtu anayeuza mkataba anauza kitu ambacho mwajiri mwenyewe hutoa bila malipo.

Kwenye hiyo 682 ondoeni karibu moja ya tano ya bima ya afya, pensheni na michango mingine. Zinabaki kama euro 540. Hapo ndipo viza nyingi hukwama, maana ubalozi unataka kuona kijana ataishije, na fedha hiyo peke yake mara nyingi haitoshi. Mwombeni mwajiri chumba, na kiandikwe ndani ya mkataba. Asipokuwa nacho, ijulikane mapema nani atajazia. Mwenye nyumba ana haki ya kudai dhamana ya hadi miezi mitatu ya kodi, nayo huanza kudaiwa kijana hajapokea mshahara wowote. Kampuni za ujenzi zinazofuata mkataba wa pamoja wa sekta hulipa zaidi ya euro 1,000 tangu mwaka wa kwanza. Uuguzi nao, kwa hospitali za umma, huvuka 1,300, lakini shule nyingi za uuguzi hutaka Kijerumani cha B2, ngazi ya nne kati ya sita za kujua lugha.

Lugha ndiyo kazi yenyewe. Viza ya uanagenzi kwa kawaida inadai B1, yaani ngazi ya tatu, na kufika B1 huchukua vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45. Sasa pigeni hesabu ya kule kwetu nyumbani. Fedha ya korosho inaingia kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Kijana akianza Januari kwa vipindi 20 kwa wiki, bila kukosa hata wiki moja, atafika B1 kati ya Mei na Agosti. Mafunzo huanza tarehe 1 Agosti au 1 Septemba, na waajiri wengi huwa wamekwisha kuchagua watu wao miezi mingi kabla. Basi fedha ya msimu huu lengo lake liwe Septemba ya mwaka mwingine baada ya unaokuja. Wanaolazimisha Septemba ya karibu ndio wanaoangukia mikononi mwa mawakala.

Mtihani unafanyika Goethe-Institut, Dar es Salaam. Una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza. Kila sehemu inataka alama 60 kwa 100, na aliyefeli moja anarudia hiyo moja tu. Tengeni nauli na malazi ya safari zaidi ya moja kutoka Masasi. Viza yenyewe ni euro 75 na kijana lazima aende ubalozini mwenyewe.

Kutoka Leipzig

Niongeze la huyo wa VETA, kwa kuwa wanagenzi wa umeme ninawafunza.

Anaweza kuomba muda upunguzwe. Ufundi umeme ni miaka mitatu na nusu. Mimi namshauri asiombe mwanzoni. Kule nyumbani amezoea mzunguko wa soketi unaorudi kwenye breka ya ampea 32, na plagi yenye fyuzi ndani. Huku plagi haina fyuzi, soketi zinakwenda kwa mstari usiorudi, breka ni ya ampea 16, na ipo kinga inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Mikono yake itajua kazi ila mazoea yatamponza. Tena siku moja au mbili kwa wiki yuko Berufsschule, yaani shule ya ufundi, anasikiliza nadharia kwa Kijerumani cha haraka. Mwaka wa kwanza ndio wa kutuliza hayo yote. Kupunguza muda kunaweza kuombwa baadaye akionekana anaweza.

Kabla hajaja ashike kanuni tano za usalama, kwa Kijerumani na kwa mpangilio wake: kata umeme, zuia usirudishwe, hakikisha haupo, unganisha nyaya na ardhi na zenyewe kwa zenyewe, funika sehemu jirani zenye umeme. Ataulizwa wiki ya kwanza na ataulizwa kwenye mtihani wa mwisho.

Kuhusu waajiri: wengi ni waungwana, lakini wapo wanaotafuta mbebaji wa bei rahisi. Mwajiri anayefunza ana mpango wa mafunzo ulioandikwa na kuambatishwa kwenye mkataba, na jina la mkufunzi wake linajulikana. Kila kijana ana Berichtsheft, daftari la kazi alizofanya na alizofundishwa. Lijazwe kila wiki na mkufunzi alitie saini. Bila hilo haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho, na hakuna njia ya kulijaza miaka mitatu usiku mmoja. Kurasa zikionyesha kufagia na kubeba mabomba tu, huo ndio ushahidi wa kupeleka kwa mshauri wa mafunzo wa Handwerkskammer, chemba ya mafundi inayosimamia mafunzo, naye hachukui malipo.

Muda wa majaribio ni mwezi mmoja hadi minne. Humo upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila kutoa sababu. Ukipita, mwajiri anahitaji sababu nzito. Mafunzo yakikatika bila kosa la kijana, hafukuzwi nchini kesho yake. Hupewa hadi miezi sita ya kutafuta kampuni nyingine.

Kutoka Masasi

Ahsanteni sana. Wakala ametuma picha ya mkataba, una muhuri na jina la kampuni ya umeme. Tutajuaje kama ni wa kweli?

Kutoka Kassel

Usiupime kwa muhuri. Tafuta mwenyewe Handwerkskammer ya mji ulioandikwa, usitumie namba aliyokupa wakala. Andika barua pepe fupi ukiuliza mawili: kampuni hii inaruhusiwa kufunza kazi hii? Mkataba wenye jina hili umesajiliwa kwenu? Mkataba usiosajiliwa unaweza kumnyima kijana mtihani wa mwisho hata kama kampuni ipo.

Kisha iandikieni kampuni moja kwa moja, kijana aombe mazungumzo kwa video. Kampuni inayomtaka kweli itataka kumsikia akiongea Kijerumani. Na ikiwa na haraka naye, inaweza kuomba utaratibu wa haraka kwa ofisi ya wageni ya huku. Ada ni euro 411, na mwombaji ni mwajiri. Majibu ya hizo barua yaleteni hapa tuyasome pamoja kabla hamjakata tiketi ya basi la Dar.