Naomba ushauri: Siku moja ya baridi katika Hifadhi ya West Coast, Afrika Kusini

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa yeyote anayeifahamu Hifadhi ya Taifa ya West Coast, inayozunguka wangwa wa Langebaan, kaskazini mwa Cape Town ninakoishi. Mama yangu mzazi atanitembelea mwezi Julai kutoka Tanga, nami ningependa kumpeleka huko kwa siku moja.

Kinachonitatiza hasa ni majira. Julai ni kipindi cha baridi na mvua, na sehemu ya Postberg, penye pundamilia wa milimani, hufunguliwa Agosti na Septemba tu, wakati wa maua. Isitoshe, ndege wa pwani waitwao chamchanga wanaotoka Siberia wengi wao huwa wamekwisha kurudi kaskazini kuzaliana. Je, heroe (flamingo), mbuni na pofu (swala wakubwa) wa maeneo mengine ya hifadhi wanatosha kuijaza siku, au nimwombe mama asogeze safari hadi Agosti, ambapo huenda tukabahatika pia kuona nyangumi tukiwa ufuoni Tsaarsbank?

Pili, nafahamu kwamba maji yanapojaa huwasogeza ndege karibu na vibanda vya kutazamia vya Geelbek. Kwa kuwa mchana wa Julai ni mfupi, ni heri kuchagua siku ambayo maji yanajaa asubuhi, au alasiri? Na je, njia ya kuelekea vibandani inamfaa mtu anayetembea kwa mkongojo?

Mwisho, naomba kujua mavazi yanayofaa. Baridi ya Lushoto mama anaimudu, lakini upepo wa Atlantiki uliochanganyika na mvua ni jambo jingine kabisa.