Jenereta ya njia tatu, gesti ya njia moja: niibadilishe, nigawe vyumba au niachane nayo?

Msukuma wa Katoro
Wakuu habari za jioni. Kuna mkandarasi kamaliza kazi huku kwetu, anauza jenereta yake ya dizeli ya njia tatu. Bei inanivutia kuliko za njia moja nilizoulizia dukani. Gesti yangu ina umeme wa TANESCO wa njia moja. Fundi wa kwanza anasema inabadilishwa, wa pili anasema nigawe vyumba kwenye fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto za jenereta, wa tatu anacheka tu. Kesho nampa hela au nisimpe?

Ngoja Waje
Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

Fundi Soketi
Mleta mada umeandika yote isipokuwa yanayotakiwa. kVA ngapi, yaani uwezo wake? Alteneta, ile sehemu inayozalisha umeme, inatoa nyaya ngapi, 4, 6 au 12? Ndani ya gesti kuna nini?

Msukuma wa Katoro
Kibao kinasema 20 kVA, 400 V. Nyaya sijahesabu. Vyumba tisa, vitatu vina AC, friza mbili na pampu ya maji. Pasi za wageni sizihesabu, hizo huwa nazikataza.

Fundi Soketi
Hazikatazwi zikakatazika, zihesabu.

20 kVA kwa 400 V ni kama ampea 29 kila fezi. Ukichukua fezi moja tu umepata theluthi, 6.7 kVA, huku injini nzima inakunywa dizeli. Kama nyaya ni 12, kila fezi ina koili mbili zilizo huru, na aina nyingi za alteneta hizo zinaungwa upya kwa mtindo wa delta mbili zikatoa 230 V njia moja. Hutapata 20 lakini. Hesabu theluthi mbili au pungufu, yaani 12 hadi 13. Tena ampea zote hizo, 50 na kitu, zinapita njia moja, kwa hiyo breka na kebo ya zamani vyote unabadilisha. Nyaya za AVR (kidhibiti volti cha jenereta) za kupimia volti nazo zifuate mchoro wa kiwandani. Akibahatisha, volti zinapaa. Zikiwa nyaya 4, nyota (pale ncha za koili zinapokutana) imefungwa ndani, hapo unaongelea fundi wa kusuka mota.

Kibatari
Kwani si mnazikusanya fezi zote tatu ziwe waya mmoja mnene? Jirani yangu alifanya na taa zinawaka.

Fundi Soketi
Usithubutu! Kati ya fezi na fezi kuna 400 V, hiyo ni shoti. Jirani yako nadhani aliunga upande wa TANESCO kwenye chenjiova (swichi ya kuhama kati ya TANESCO na jenereta), waya mmoja wa moto ukalisha njia zote tatu. Hilo sawa. Upande wa jenereta, kila fezi na kwake.

Mama Loji
Mimi kugawa vyumba siungi mkono hata mnishike mkono. Loji yetu iligawiwa hivyo hivyo. Fundi akapitisha nyutro, ule waya wa pamoja wa fezi zote, kwenye kikonekta kidogo cha plastiki, eti mzigo ni mdogo. Usiku mmoja tumejaa wageni wa harusi, TANESCO wamekata, jenereta inanguruma vizuri tu. Mara upande wa bustani taa zinang'aa kama mchana, upande wa barabara zinafifia. Mhudumu akafurahi, akasema leo umeme una nguvu. Dakika mbili hazikuisha, televisheni moja ikalia paa, ikafuata nyingine, halafu friji ya kaunta na dekoda. Nyutro ilikuwa imeungua. Tukalipa na chaja na simu za wageni, na usiku ule kila mgeni alikuwa na iPhone. Fundi alipokuja akalaumu TANESCO, wakati TANESCO haikuwepo!

Fundi Soketi
Pole mama, lakini hapo kilichoua ni kikonekta. Nyutro ifungwe kwa skrubu nene, na kila fezi iwekewe kifaa cha kukata volti zikizidi.

Mama Loji
Mafundi wote mnasema hivyo kabla ya kulipwa.

Mzee wa Dizeli
Mama ana hoja, na kuna nyingine. AVR nyingi za bei nafuu zinapima fezi moja au mbili. AC zote zikiwa kwenye fezi inayopimwa, inaongeza nguvu kuibeba, na zile nyepesi zinapanda volti. Ukigawa, kila fezi iwe na AC moja. Halafu usiku AC zikizimwa, dizeli ya 20 kVA inabaki kubeba taa tupu. Ikizoea kukimbia chini ya theluthi ya uwezo, inatema masizi na oili kwenye ekzosi.

Binti Kahama
Mnahangaika na masizi karne hii? Sola na betri za lithiamu, usiku kimya, wageni wanalala.

Mzee wa Dizeli
AC tatu usiku kucha kwa betri? Taja na bei ya hizo betri basi.

Binti Kahama
Bei ya betri unalipa mara moja, dizeli unalipa kila wiki.

Ngoja Waje
Kwani kuomba TANESCO njia tatu shida iko wapi?

Fundi Soketi
Nguzo za mtaani kwake kama zina nyaya mbili tu, ajiandae kulipia na kuvutiwa laini. Na umeme ukikatika bado anahitaji jenereta. Mleta mada, nyaya ngapi?

Msukuma wa Katoro
Mlinzi kaondoka na funguo, nitahesabu kesho.

Kibatari
Ukiiacha nitumie namba ya mkandarasi, mimi nina mashine ya kusaga ya njia tatu. 20 kVA itasukuma?

Fundi Soketi
Mota ina hp ngapi, na inawashwa kwa nyota-delta au moja kwa moja?