Mashine ndogo ya milingi, nafasi finyu: ER32, ER20 au koleti ya kuingia moja kwa moja?

Mkerezaji wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo hapa Tanga, Barabara ya 12. Kazi zangu nyingi ni njia za kii (mifereji ya kukalia kii, kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti), bushi na puli, pamoja na vipuri vya boti vinavyoletwa kutoka Sahare. Mwezi uliopita nimefunga mashine ndogo ya milingi ya kukaa juu ya meza. Tundu la spindo, mhimili unaozungusha kisu, ni MT3, yaani tepa (tundu linalopungua upana kuelekea ndani) ya Morse namba 3. Boliti ya kuvutia kishikio kutoka juu ni M12, na imekuja na kishikio cha ER32, chenye nati inayobana koleti, yaani bomba lililopasuliwa linalokumbatia mkia wa kisu.

Kinachonitesa ni kimo. Kichwa kikipanda hadi mwisho, toka mdomo wa spindo hadi mezani ni milimita 250. Jiliwa pamoja na kazi iliyokaa ndani yake inafika 150, zinabaki 100. ER32 inaning'inia 68 na nati yake, kisu kinatokeza 40. Jumla 108! Kila kazi inabidi nianze kutafuta namna ya kuilaza.

Nachagua kati ya koleti za MT3 zinazoingia moja kwa moja kwenye spindo, kishikio kifupi cha ER20, au kile cha skrubu ya pembeni. Aliyevitumia naomba anieleze.

Fundi wa Boti
Kaka, ER32 usiiache. Inashika hadi milimita 20, na koleti zake Gerezani pale Dar hazikosi. ER20 ikifika 13 imeishia hapo. Siku ukiletewa kisu chenye mkia wa 16 utafanyaje?

Dada Milingi
Fundi wa Boti, nakuheshimu ila hapa sikubaliani nawe. Mashine ya ukubwa huo haina nguvu ya kusukuma kisu cha 20 ndani ya chuma. Itapiga kelele, itatetemeka, na uso wa kazi utatoka na mawimbi. Kwa hiyo uwezo wa kushika 20 unaulipia kwa kimo, na kimo ndicho mwenzetu hana.

Jambo jingine ni nati. Ya ER32 ina upana wa milimita 50, ya ER20 ni 34. Ukichonga karibu na bega la kazi, au kisu kikishuka kati ya meno ya jiliwa, nati pana ndiyo inayogonga kwanza. Unalazimika kuchomoa kisu zaidi, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Kupinda kwa kisu hufuata mchemraba wa urefu uliotokeza: ukikitokeza mara 2, kinapinda mara 8 (2 × 2 × 2) kwa nguvu ileile. Ukikitoa 30 badala ya 40, kupinda kunashuka kwa zaidi ya nusu. Hujanunua kitu, umesogeza kisu tu.

Mimi ningenunua koleti za MT3 za saizi mbili unazozitumia kila siku. Koleti inazama ndani ya spindo, haining'inii karibu chochote. Hakuna kishikio kifupi kuliko hicho. Saizi nyingine zote zibebwe na ER20.

Mkerezaji wa Ngamiani
Dada, nimekuelewa vizuri. Ila koleti ya MT3 kila ukibadilisha kisu si lazima ufungue boliti ya juu na kugonga?

Dada Milingi
Ndiyo, hilo ndilo deni lake. Tepa ya MT3 inajishika yenyewe, haiachii kama R8, aina nyingine ya tundu la spindo. Legeza boliti mizunguko miwili tu, usiitoe, kisha gonga kichwa chake mara moja kwa nyundo ya shaba. Anayegonga kwa nyundo ya chuma mara kumi anazipiga beringi za spindo. Na usiingize koleti ya baridi kwenye spindo iliyopata moto baada ya saa mbili za kazi ukaiacha mpaka asubuhi. Spindo ikipoa inasinyaa, inaikumbatia, utatoka jasho.

Mzee wa Mkonge
Vijana, mimi nazungumzia njia za kii, maana ndiyo kazi yake. Nilikuwa nachonga shafti ya 28 ya mashine ya kuchakata mkonge. Kii yake ni ya 8, kina kwenye shafti ni 4. Nikashika kisu kwa koleti. Mwanzo wa njia nikapima 4, katikati 4.3, mwisho karibu 5. Kisu chenye mzunguko wa parafujo kinajivuta chenyewe kwenda chini, na koleti isipokazwa sawasawa kinateleza polepole bila wewe kuona. Shafti ile niliijaza kwa weldingi na kuikereza upya, siku nzima.

Tangu siku ile, njia za kii kwenye chuma nafanyia kishikio cha skrubu ya pembeni. Skrubu inakaa kwenye sehemu bapa ya mkia wa kisu, hakitoki. Ubaya wake ni kwamba inakisukuma kisu upande mmoja, kwa hiyo kinacheza zaidi kidogo kuliko kwenye koleti nzuri. Kwa upana unaotaka usahihi, pitisha kwanza kisu cha 7 kisha umalizie kingo.

Dada Milingi
Shikamoo mzee. Hilo ni kweli kabisa, ila nauliza: koleti ile ilikuwa imebanwa kwenye nati kabla ya kufungwa?

Mzee wa Mkonge
Marahaba mwanangu. Hapana. Wakati ule nilikuwa naiweka koleti kwenye kishikio, halafu nati juu yake.

Dada Milingi
Basi hapo ndipo wengi tunapoumia. Koleti ya ER inaanza na nati. Ishike kwa kuinamisha, mfereji wake uingie kwenye pete ya ndani ya nati iliyokaa kando kidogo, sukuma mpaka usikie *tik*. Ndipo uingize kisu, ndipo ufunge. Ukiruka hatua hiyo koleti inakaa upande, kisu kinacheza, na ukifungua haitoki. Tena koleti iliyoandikwa 10 inashika 10 hadi 9. Usiilazimishe 10.2.

Kijana wa Pongwe
Nina swali, wakubwa. Naona mtandaoni vishikio vyenye mkia mnyoofu wa inchi 3/4, unaviingiza kwenye koleti moja isiyotoka. Vinafaa?

Dada Milingi
Kwa R8 vinafaa sana. Koleti inabaki, unalegeza kidogo, kishikio kinashuka, kingine kinapanda. Bega lake linakaa kwenye uso wa spindo, hivyo urefu unarudi palepale. Kwa MT3 sikushauri: mdomo wake ni milimita 23.8 na mkia ni 19, kuta za koleti zitabaki na milimita 2 na kitu.

Fundi wa Boti
Nakubali hoja ya kimo. Niongeze la drili: kichwa cha drili, kile cha meno matatu cha kushikia drili, ndicho mla nafasi mkubwa. Drili ya kawaida ya 10 ina urefu wa 133, fupi ni 89. Tumia fupi, uishike kwenye ER. Na kisu cha milingi usikiweke kabisa kwenye kichwa cha drili. Tuko pwani, kutu hailali: futa tepa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuingiza, paka mafuta mepesi ukimaliza.

Mkerezaji wa Ngamiani
Nimeamua. Koleti za MT3 za 10 na 12, ER20 fupi, na cha skrubu kwa kisu cha 8. Vyote nitahakikisha uzi wa nyuma ni M12 kabla ya kulipa, maana nimeona vingine vina uzi wa inchi. ER32 nitaihamishia kwenye mashine ya kukereza.

Mzee wa Mkonge
Ikifika niambie. Nina shafti mbili za 28 zinasubiri, Jumamosi nakuletea moja uijaribie.