Jinsia ya mbwa mwitu kwa kinyesi na mkojo: SRY isipotokea, ni jike kweli?

Nyayo_za_Theluji
Habari wadau. Naomba ushauri kuhusu sampuli za mbwa mwitu wa kijivu (Canis lupus) zinazookotwa porini bila kumgusa mnyama: nyingi ni kinyesi, chache ni mkojo kwenye theluji. Kipimo kinanakili kipande kimoja tu cha jeni SRY iliyoko kwenye kromosomu Y. Mstari ukitokea kwenye jeli anaandikwa dume, usipotokea anaandikwa jike. Majike wamekuwa wengi kupita kiasi, tena sampuli mbili za mnyama yuleyule (mikrosatelaiti, yaani alama za DNA zinazomtambulisha mnyama mmojammoja, zinalingana) zinapingana. Nirudie PCR (huko kunakili DNA) mara ngapi?

Pipeti
Mkuu, kabla ya kurudia, badilisha kipimo. SRY isipotokea kuna maana mbili: mnyama hana Y, au PCR imeshindwa. Na kwenye kinyesi PCR hushindwa sana, maana DNA ni kidogo, imekatikakatika, na chumvi za nyongo zinazuia kimeng'enya kufanya kazi. Kila iliyoshindwa imeingia kwenye hesabu ya majike.

Weka kipande cha X kwenye mrija huohuo. Dume atatoa X na Y, jike X peke yake. X isipotokea, sampuli haina jibu, iandikwe hivyo. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) za jeni DBX ya kwenye X na DBY ya kwenye Y, zilizotengenezwa kwa jamii ya mbwa, zinafaa. Ukichagua nyingine, hakikisha kipande cha Y ni kifupi kuliko cha X, kwa sababu DNA iliyochakaa hupoteza vipande virefu kwanza. Y ikiwa ndiyo ndefu, dume atabaki na X tu na utarudi palepale.

Praima za ZFX/ZFY (jozi nyingine ya jeni za X na Y) zinazokubali mamalia wote ziache kabisa. Jike akila kulungu dume, kinyesi chake kitatoa Y. Hata mwanamume aliyeandaa sampuli anaweza kuacha Y yake humo. Mrija usio na sampuli, wa kufichua uchafuzi kama huo, uwepo tangu hatua ya kutoa DNA, si kwenye PCR pekee.

Sasa marudio. Pima kwanza vinyesi vya madume wanaojulikana, uhesabu Y inapotea mara ngapi. Ikipotea katika PCR 2 kati ya 10, kuikosa mara 3 mfululizo ni 0.2 × 0.2 × 0.2, yaani 0.008. Ikipotea 4 kati ya 10, mara 3 zinaacha 0.064, kosa kubwa mno. Mara 6 zinalishusha hadi 0.004. Rudio ambalo X haikutokea lisihesabiwe hata kidogo. Dume mkubali Y ikionekana katika PCR 2 tofauti. Tahadhari: kiwango hicho ni wastani, na kinyesi kikuukuu hupoteza Y zaidi ya kibichi, basi kikuukuu kihesabu peke yake.

Ute_wa_Juu
Naongeza upande wa porini, maana maabara haiwezi kurudisha DNA iliyokwisha kuoza. DNA ya mbwa mwitu iko kwenye ute wa juu wa kinyesi, seli zilizokwanguka utumbo. Ndani kuna zaidi nywele na mifupa ya mawindo. Kwangua ute kiasi cha punje ya njegere, uweke kwenye ethanoli ya 95% yenye ujazo angalau mara nne ya sampuli, kisha friza ya −20 °C. Jua kali na mvua huharibu haraka; baridi kavu hutunza.

PCR ikigoma kabisa, jaribu kuzimua DNA mara 10 au kuongeza albumini ya damu ya ng'ombe (BSA). Ikikubali baada ya kuzimua, tatizo lilikuwa vizuizi, si uhaba wa DNA.

Na kabla ya jinsia, thibitisha spishi kwa DNA ya mitokondria. DBX/DBY zinaweza kumnakili mbweha pia, na mbweha hupenda kukojolea kinyesi cha mbwa mwitu. Mbwa wa kufugwa mitokondria pekee haitoshi kumtenga. Hapo tegemea mikrosatelaiti. Ukiona aleli (matoleo ya alama) tatu kwenye eneo moja, huenda sampuli ina wanyama wawili au zaidi: itupe.

Nyayo_za_Theluji
Asante sana. Swali la mwisho: mkojo wenye damu ya joto (ya jike aliye tayari kupandana), halafu Y inatokea. Inawezekanaje?

Pipeti
Inatokea sana majira ya kupandana. Dume na jike wanaozaa hukojoa mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine, hivyo theluji ile ina wote wawili. Chota bonge la damu lenyewe, usichote theluji ya njano iliyo pembeni. Usikisie jinsia kwa namna ya kukojoa pia: jike anayezaa naye huinua mguu.

Ute_wa_Juu
Kwa zile mbili zinazopingana, pitisha mikrosatelaiti za Y, MS34 na MS41. Ile iliyotoka dume ikitoa aleli zilezile katika marudio mawili, na ile ya "jike" ikitoa hata eneo moja linalolingana, ni dume. Zote zikinyamaza, rudi kwenye DBX/DBY na DNA iliyotolewa upya kutoka kwenye kipande kilichobaki.