Batman, Luanda Magere na shemeji wa Nandi

*Brayo:* nimemaliza ile muvi ya 2016 ya Batman na Superman na nimeboeka vibaya. jamaa anagonga watu na gari wanakufa na hajali. huyo si Batman, Batman haui, kwisha

*Anko Ouma:* Wee Brayo. Batman alitokea 1939 na kwa stori yake ya kwanza kabisa alipiga mtu ngumi akaangukia tangi la asidi, hata pole hakusema. 1940 yuko kwa ndege anamiminia lori risasi. Ni mhariri wao aliingilia kati akasema basi, huyu asiue tena

*Brayo:* anko unatubeba

*Anko Ouma:* Uliza Google

*Achieng:* kumbe huyo mpole ndo feki 😂😂

*Anko Ouma:* Sijasema feki. Hiyo stori imepita mikono mingi, kila mwandishi na vile anaona haki

*Brayo:* sawa lakini mtu wazazi wake walipigwa risasi mbele yake akiwa mtoto, halafu akikua yeye ndo ashike bunduki?? haiingii

*Anko Ouma:* Hapo umeongea. Lakini mwandishi mwingine anaanzia usiku huo huo anasema huyu ameona kifo mapema, mbona aendelee kupeleka yule adui yake Joker ndani na kila mara anatoroka anamaliza wengine

*Anti Rose:* Hiyo jela yao inalindwa na nani jameni

*Chebet:* Naomba kuuliza. Yule bibi Mnandi wa Luanda Magere, mpiganaji wa hadithi zenu Wajaluo, ni shujaa ama msaliti?

*Brayo:* MSALITI

*Anko Ouma:* Shemeji usituanzishie vita 😂

*Chebet:* Magere alikuwa anatumaliza sisi Wanandi, mwili jiwe, mkuki unadunda tu. Dada wa watu akatolewa aolewe kwa adui, mzee akaugua akamwambia mwenyewe dawa achanje kwa kivuli, damu ikatoka, akatoroka usiku kupeleka habari kwao. Kwetu huyo aliokoa watu. Nyinyi mnaambia watoto alikuwa mwanamke mbaya

*Anti Rose:* Na mtoto wako umemwambia stori gani?

*Chebet:* Yangu. Ya huku alishapewa na dani yake, nyanya wa huku

*Mama Ouma:* Ndio akakuja kuniuliza kama Magere aliwahi omba Wanandi msamaha. Nikampatia chapati

*Achieng:* 😂😂😂 dani

*Brayo:* sawa shemeji, huyo dada nimekuachia. lakini Batman wangu haui

*Anko Ouma:* Kaa na wako, mimi wangu ni yule wa lori