Brooklands: kwa nini magari yaliruka kwenye kona?

Mzee wa Gia
Wakuu, Brooklands kule Surrey, Uingereza, ilifunguliwa 1907 ikiwa imejengwa mahsusi kwa mbio za magari. Mbona picha za miaka ya 1930 zinaonyesha magari yakiwa hewani? Zege lilimwagwa vibaya? Na kwa nini hawakuweka lami?

Zege na Nondo
Lami isingewezekana kirahisi. Kona zilipanda karibu mita 9, na mwinamo ulizidi kadiri unavyokwenda juu. Kushindilia lami kwenye ukuta wa namna hiyo ni balaa, na gharama pia ilikuwa kubwa. Wakamwaga zege papo hapo, unene wa sentimita 15 hivi, bila nondo.

Tatizo liko chini yake. Udongo wa kujazia hutitia, tena hautitii sawasawa. Zege lisilo na nondo likikosa pa kuegemea hupasuka, kipande kimoja kikabaki juu na kingine kikashuka. Pabaya kuliko pote ni pale njia ilipovuka mto Wey kwa daraja. Picha nyingi unazoziona zilipigwa hapo. Kila majira ya baridi waliziba nyufa, na viraka vyenyewe vikageuka matuta.

Mzee wa Gia
Sasa kasi waliipataje?

Spana 17
Njia ilikuwa na upana wa mita 30, mzunguko kilomita 4.43, na kona zile hukanyagi breki. Napier-Railton ya John Cobb, yenye injini ya ndege ya lita 24, ilikuwa na breki za nyuma tu! Mwaka 1935 ilizunguka kwa wastani wa kilomita 230.8 kwa saa, rekodi ambayo haikuvunjwa hadi uwanja ukafungwa.

Zege na Nondo
Kelele nazo zina sehemu yake. S. F. Edge aliendesha saa 24 mfululizo Juni 1907, majirani wakakosa usingizi, na mbio za usiku zikapigwa marufuku. Ndiyo maana mwaka 1929 mbio za saa 24 ziligawanywa: saa 12 mchana, magari yanafungiwa usiku, kesho yake saa 12 nyingine. Sailensa nazo zikawa lazima.

Mbio ziliisha 1939, viwanda vya ndege vikachukua eneo, na 1946 likauzwa kwa Vickers-Armstrongs. Sehemu ya kona ingalipo kwenye makumbusho. Ukifika, tazama maungio ya zege: utaona kipande kipi kilishuka.