Mkazo wa kamba na uzito wa mzigo

Wakuu, boksi la kilo 4 liko mezani, kizigeu cha msuguano 0.25. Kamba inapita kwenye kapi laini, na upande wa pili unaning'inia mzigo wa kilo 2 (g, mchapuko wa mvutano wa dunia, = 10). Nimeweka mkazo 20 N nikapata mchapuko (kiasi kasi inavyoongezeka kila sekunde) 2.5 m/s²; kitabu kinasema 1.67. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka!

— Ndugu, mkazo ungekuwa 20 N kama mzigo ungetulia. Huo unashuka kwa kasi inayoongezeka, kwa hiyo kamba inauvuta kwa nguvu ndogo kuliko uzito wake. Andika milinganyo miwili, T ikiwa mkazo, a mchapuko, na msuguano 0.25 × 40 = 10 N: 20 − T = 2a; T − 10 = 4a. Jumlisha: 10 = 6a.

— Kumbe! Basi T ni 16.7 N. Asante sana, mkuu.

— Ila kwanza hakikisha 20 N inashinda msuguano tuli (ule wa boksi likiwa bado limetulia), la sivyo boksi halisogei.